Tembe la bibi na sura ya taifa

Swali: "Shikamoo mwalimu. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Dodoma, nasomea ualimu wa historia. Darasani tumeambiwa kwamba sanaa na majengo hujenga utambulisho wa taifa changa, lakini sijaelewa vinaujenga vipi. Mimi naona ni mapambo tu. Halafu jambo lenyewe limenifuata mpaka nyumbani. Bibi yangu mzaa mama ana tembe, ile nyumba ya Kigogo ya udongo yenye paa bapa, kule Mvumi, na wajomba wameamua libomolewe kabla ya harusi ya Desemba, wanasema linatutia aibu mbele ya wageni. Bibi hataki. Sijui nisimame upande gani. Naomba unieleweshe."

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara jicho limeganda kwenye neno lile la wajomba: aibu. Umeliweka mwishoni kama jambo la kifamilia, mbali na mambo ya darasani. Mimi naona ndilo swali lenyewe, na nitalifikia. Kwanza fungua pochi.

Toa noti ya shilingi 1,000. Upande mmoja yupo Mwalimu Nyerere. Geuza, utaona Ikulu ya Magogoni, Dar es Salaam, na matao yake. Ukiwa na noti ya 2,000, nyuma ya simba kuna Ngome Kongwe ya Unguja. Ikulu ile Waingereza waliijenga upya miaka ya 1920 juu ya mabaki ya nyumba ya gavana wa Kijerumani. Ngome iliinuliwa na Waarabu wa Omani zaidi ya miaka 300 iliyopita. Hakuna aliyebeba jiwe pale akiwa na Tanzania kichwani, maana Tanzania haikuwapo. Hata hivyo majengo hayo yanapita mikononi mwetu kila siku, sokoni na kwenye daladala, na hakuna anayeuliza ni ya nani. Ni yetu. Kuta ni zilezile. Kilichobadilika ni shughuli inayofanyika ndani na watu wanaoingia kwa mlango wa mbele.

Huku kwetu mfano ulio wazi zaidi uko Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianza pale mradi mkubwa wa karanga. Walifyeka pori kwa matrekta, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama tofali, mvua ikagoma, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Kuanzia 1964 Kongwa hiyohiyo ikawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. Ukienda leo hakuna anayekusimulia karanga kwa muda mrefu. Utaoneshwa walikolala wapiganaji, na makaburi ya wale ambao hawakurudi kwao. Mahali palipofyekwa ili Waingereza wapate mafuta ya kupikia pamekuwa kumbukumbu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika, wala hakuna msanifu aliyelipwa kupachora hivyo.

Kwa hiyo jibu la kwanza kwa darasa lako ni hili: jengo hupata maana ya kitaifa kwa kutumiwa na kusimuliwa. Lakini hiyo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuchagua, na ndiyo ngumu.

Tulipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, Mgogo wa Bahi na Mmakonde wa Newala walikuwa na mambo machache ya kuwaunganisha: Kiswahili, chama, na kumbukumbu ya kutawaliwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu akihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa, na kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko tu wa watu. Barabara za lami zilikuwa za kuhesabu, madaktari vivyo hivyo. Bado aliona jambo hili haliwezi kungoja.

Sasa utamaduni upi, katika nchi yenye makabila zaidi ya 120? Hapo ndipo sanaa ilipofanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Inachukua kitu cha mtu mmoja, wa mahali pamoja, na kukipandisha kiwe cha wote.

Chukua kinyago cha Kimakonde kile kirefu, watu wamepandana mabegani, wameshikana mikono na miguu, wote wametoka kwenye gogo moja la mpingo. Tunakiita Ujamaa. Mtindo huo unahusishwa na mchongaji Yakobo Sangwani, na mwanzoni ulikuwa na jina la Kimakonde, dimoongo, lenye maana ya nguvu: wanamieleka wamembeba juu bingwa wao. Ilikuwa habari ya ushindi wa kundi moja. Taifa lilipokuja na neno ujamaa, watu walikitazama kinyago kilekile wakaona jambo jingine: jamii inayobebana. Mchongaji hakulazimika kubadili patasi. Macho ya watazamaji ndiyo yaliyohamia kwingine, na kinyago kikawa zawadi ya kumpa mgeni yeyote wa Tanzania.

Au Edward Saidi Tingatinga, kijana wa kusini aliyekuja Dar es Salaam kutafuta kibarua. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya ubao kwa rangi ya kupakia baiskeli, kwa sababu ndiyo aliyoimudu. Alifariki mwaka 1972, akiwa amechora kwa miaka michache tu. Leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji, na mtu asiyejua Tunduru iko wapi akiiona picha ile hujua imetoka Tanzania.

Na huku Dodoma tulimtoa Hukwe Zawose. Alizaliwa mwaka 1938, Mgogo wa wafugaji, mpiga zeze na ilimba, yaani marimba ya vidole gumba. Katika miaka ya 1960 alichukuliwa kwenye kikundi cha taifa cha ngoma, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na aliishi pwani hadi kufariki kwake mwaka 2003. Sauti ile ya Kigogo, ya watu wengi wanaoimba kwa kupokezana na kupishana kila mmoja na njia yake, ilifika redioni na kwenye majukwaa ya Ulaya kama sauti ya Tanzania. Wagogo ambao watu wa pwani walizoea kuwataja pamoja na njaa na ukame walisikika wakiwa mafundi wa jambo ambalo wengine hawaliwezi. Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, na nakumbuka wazee walivyokaa wima redio ilipopiga marimba yetu.

Sasa jiulize, binti yangu. Muziki wa Mgogo ulipandishwa ukawa wa taifa. Nyumba ya Mgogo je?

Ngoja nikueleze tembe la bibi yako kama msanifu anavyoliona, maana huenda umelala humo tangu utotoni bila mtu kukusomea. Nguzo ni magogo yenye panda juu. Kwenye panda hulala mihimili, juu ya mihimili fito zilizobanana, juu ya fito nyasi au magome, na juu ya vyote hivyo udongo uliokandikwa mpaka ukawa sakafu ya pili. Paa ni bapa kwa sababu Dodoma hupata mvua chini ya milimita 600 kwa mwaka, na zote huja msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Paa la mgongo mkali tungelifanyia nini miezi saba ya ukavu? Juu ya lile bapa bibi huanika mtama, uwele na mboga za kukausha. Kuta nene za udongo hunyonya joto la mchana wa Oktoba polepole, na usiku wa Julai, ule wa baridi inayouma masikio, huachia taratibu joto lililonyonywa mchana. Nyumba haikukaa peke yake katikati ya kiwanja kama hizi za mjini. Imejikunja pande tatu au nne kuzunguka ua, na ng'ombe hulala mle uani, ili mwizi au fisi alazimike kuvuka watu kwanza. Mlango ni mfupi. Mgeni huingia kainama, na mwenye nyumba humwona kabla hajaonwa. Kila kitu mle kina sababu. Nimepima matembe kadhaa katika maisha yangu ya kazi, Chamwino na Bahi, na sijawahi kukuta gogo lililowekwa bila kazi.

Lakini sitakudanganya. Wajomba zako hawajachanganyikiwa. Tembe huvuja mvua ikipitiliza, mchwa hula nguzo, moshi hubana macho, na kwenye nyufa za sakafu ya udongo hukaa papasi, wale wadudu wanaosababisha homa ya papasi. Watoto wa Ugogo wameumwa homa hiyo, kina mama wajawazito wamepoteza mimba kwa ajili yake. Halafu tembe linataka miti mingi, na miti yenyewe imekwisha vilimani. Mtu aliyelelewa humo akijenga ya tofali na bati, anakuwa ameokoa watoto wake na jambo analolijua kwa mwili wake. Usimwambie mtu huyo habari za urithi kabla hujamsikiliza.

Aibu, hata hivyo, ni kitu kingine. Nyumba inayovuja inakuudhi, haikuaibishi. Aibu inafundishwa. Maofisa wa kikoloni waliliandika tembe kama dalili ya watu walio nyuma. Baada ya uhuru sisi wenyewe tukaendeleza wimbo huo bila kukusudia. Operesheni Dodoma ilipokuja mwaka 1971 kuwakusanya watu kwenye vijiji, kaya zilizokuwa zimetawanyika na mifugo yake zilipangwa kwenye mistari ya viwanja, na nyumba bora ikawa na sura moja: chumba na sebule, mgongo wa tembo, bati. Bati likawa cheti. Kijijini hata leo mtu akitaka kusema fulani ameendelea, husema ameezeka. Hakuna aliyekaa chini akasema: tuondoe papasi, tuondoe moshi, tuzuie maji, tubakize ua, kivuli na ukuta mnene. Ubaya na uzuri vilitupwa kwenye shimo moja.

Na hapa ndipo mji wetu unaponiuma, nikiwa mtu ninayeupenda. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu yahamie Dodoma, katikati ya nchi, kati ya wakulima na wafugaji. Ramani ya mwaka 1976, iliyoandaliwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada, ilifuata fikra ya Mwalimu kwamba mji mkuu wa taifa la vijiji uwe nao ni kama kijiji kikubwa. Majengo yasiwatishe watu. Mtu afike kwa miguu au kwa basi, miti na mashamba viingie katikati ya makazi. Mataifa mengine machanga wakati huo yalijenga kwa kishindo. Brazil ilishazindua Brasilia yake mwaka 1960, saruji nyeupe kwenye anga tupu. Sisi tulisema tutafanya kinyume. Mpaka leo naliona ni wazo la kishujaa. Fedha hazikutosha, na sehemu kubwa ilibaki kwenye karatasi. Ila hata kwenye karatasi kulikuwa na pengo: kijiji kilipandishwa kikawa nembo, nyumba ya mwanakijiji aliyekuwapo hapohapo ikaachwa nje ya mchoro.

Serikali ilihamia kweli baada ya tangazo la 2016. Mji wa Serikali wa Mtumba ulizinduliwa mwaka 2019, na Ikulu ya Chamwino ilizinduliwa Mei 2023. Itazame Ikulu hiyo, halafu rudi kwenye noti yako ya 1,000. Sura ya Chamwino imefuata ile ya Magogoni. Naelewa kwa nini, na kwa upande fulani nakubali: wananchi wamezoea kwamba mamlaka ya nchi yana matao yale, na mwendelezo una heshima yake. Tena lile varanda refu lenye kivuli linafaa Dodoma kuliko kuta za vioo ninazoziona zikitazama jua la magharibi sehemu nyingi za mji, ambazo zitakula umeme wa viyoyozi kila Oktoba. Lakini ona safari yenyewe: sura iliyozaliwa ufukweni kwa mkono wa mkoloni imepanda mamia ya kilomita mpaka Ugogoni, na Ugogo haujaongeza neno. Mwanao akija kuuliza jengo gani la taifa limejifunza kitu kutoka kwa udongo huu, nitakosa la kumwonesha kwa kidole.

Wengine wameweza, kwa hiyo hatuzungumzii ndoto. Jirani zetu Kenya walimaliza jengo la KICC, ukumbi wa mikutano ya kimataifa jijini Nairobi, mwaka 1973, kazi ya David Mutiso na Karl Henrik Nøstvik, na noti zao zilizotolewa 2019 zina jengo hilo mbele, mahali zilipokaa sura za marais. Lakini anayekuhusu zaidi wewe ni Francis Kéré wa Burkina Faso, nchi yenye jua kama letu. Alirudi kijijini kwao Gando kujenga shule ya msingi iliyokamilika mwaka 2001. Aliposema ataijenga kwa udongo, wanakijiji walishangaa. Mtu ametoka kusoma Ujerumani, anatuletea udongo? Ndiyo aibu ileile ya wajomba zako. Aliuchanganya udongo na saruji kidogo, akaushindilia kuwa matofali, akaweka dari ya matofali hayo, kisha bati akaliinua juu kabisa lisiguse dari ili hewa ya moto ipite katikati. Waliojenga ni wanakijiji wenyewe. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika usanifu majengo. Hakuiga nyumba ya babu yake, na hakuikimbia.

Hata hapa kwetu kuna fundisho la namna hiyo, tena la kale mno. Kama hujafika Kolo, Kondoa, nenda kabla hujaanza kufundisha. Michoro ya miambani ya huko iliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Ukisimama chini ya mwamba utaona kwanza ile myekundu, ya wawindaji wa zamani sana: watu warefu wembamba, vichwa vimepambwa, mistari myembamba kama ya unywele. Kisha utaona myeupe, minene, ya wakulima waliokuja baadaye. Sehemu nyingine nyeupe imepita juu ya nyekundu, na nyekundu bado inaonekana. Na watu wa Kolo hawajaacha kwenda kwenye mwamba wa Mungomi kuomba mvua na uponyaji. Taifa letu lina miaka sitini na ushee. Ukuta ule umepokea watu wapya kwa maelfu ya miaka, kila mmoja akaweka chake.

Sasa Mvumi. Usisimame upande wa bibi dhidi ya wajomba, wala wa wajomba dhidi ya bibi. Nenda wikiendi hii. Msalimie bibi kwa mbukwenyi, ukae naye uani, umuulize nani alikata zile nguzo, zilitoka mlima upi, nani alizaliwa chumba kipi. Rekodi kwenye simu. Kisha chukua futi kamba na daftari, pima kila chumba, unene wa kuta, urefu wa mlango, nafasi kati ya nguzo na nguzo. Piga picha za panda na maungio, siyo za bibi akitabasamu tu. Likibomoka kesho, hilo daftari litakuwa na thamani kuliko ripoti nyingi nilizowahi kusoma.

Wajomba waambie hivi: nyumba ya harusi ijengwe, ila ijengwe kama ubavu mmoja wa ua, iutazame ua badala ya kuugeuzia mgongo. Waulizie matofali ya kufungamana, yale ya udongo na saruji kidogo yanayoshindiliwa kwa mashine bila kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza kwa miaka, na hayamalizi miti. Bati walipandishe, waache upenyo wa hewa chini yake, na walitokeze mbele upana wa hatua mbili ili pawe na kivuli cha wageni. Upande mmoja wa tembe, ule anaolala bibi, ubaki. Sakafu yake isakafiwe kwa saruji na nyufa za kuta zizibwe hadi chini, papasi wasipate pa kujificha. Moshi utobolewe njia. Nguzo zilizoliwa zibadilishwe moja moja.

Na fanyeni haraka kuhusu paa. Udongo wa juu unatakiwa ukandikwe upya na ukauke vizuri kabla mvua hazijaanza, kwa hiyo kazi hiyo iwe imekwisha katikati ya Novemba. Bibi anajua udongo gani wa kuchimba. Mwache achague yeye.